Grisi ya Bulgaria

Barabara ya Hemlock, Pennsylvania
Jumapili, 3 Machi 1996

Shemeji Orrin,

TANGAZO RASMI. Inatangazwa kwa jamaa, marafiki, majirani na yeyote mwenye njaa kwamba oveni ya nyumba hii imefungwa kuanzia jana saa nane mchana hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Uamuzi ulipitishwa na Lorna kwa kura moja dhidi ya moja, na unajua kura ipi ina uzito humu ndani. Mume wa nyumba anaruhusiwa kuitazama oveni kupitia kioo chake. Kuigusa, hapana.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Bastola yangu ilifika Alhamisi, imeviringishwa katika karatasi ya kahawia na kuzamishwa kwenye grisi ya ghala, ile nzito ya rangi ya chai ya jana. Polisi wa Bulgaria, nadhani, waliipenda sana hata wakaona ni dhambi kuitumia. Ni ndogo, Orrin. Mkononi mwangu inaonekana kama nimeiba kitu cha mtoto. Lakini ni nzuri, chuma kitupu, na namba yake inaishia na 41. Yako ikija na 42 basi tumepata mapacha wa sanduku moja, kama tulivyomwomba muuzaji.

Kuhusu kuitoa hiyo grisi, unawajua wenzetu wa klabu ya shabaha. Mmoja anasema mafuta ya taa, mwingine maji yanayochemka, wa tatu anasema jambo la kwanza ni kumwomba mke ruhusa. Mimi nilichagua oveni, na ruhusa sikuomba. Nilitoa vishikio vya plastiki, nikaisimamisha ndani ya kopo la kahawa, mdomo wa mtutu chini ili grisi iteremke yenyewe, nikaweka moto mdogo wa nyuzi mia mbili za Farenhaiti, nikaenda kusoma gazeti.

Harufu ilikuwa ya tairi lililokaangwa kwa mafuta ya samaki. Ningefungua madirisha, ila nililala. Lorna akarudi na wanawake wawili wa kanisani waliokuja kushona blanketi la mnada. Akasimama mlangoni, akauliza kwa upole ule wake unaoniogopesha, "Verlin, hicho ni chakula gani?" Nikamjibu kuwa ni cha Kibulgaria. Wale wanawake walikumbuka shughuli nyumbani kwao.

Hukumu ndiyo hiyo uliyoisoma. Ataisugua oveni mwenyewe, kwa sababu haniamini, na Pasaka ataoka humo paja la nguruwe. Likinuka bastola, nitalila peke yangu hadi mfupa.

Lakini ungeiona sasa, Orrin. Inang'aa. Grisi yote imebaki chini ya kopo. Jumamosi ya tarehe 30 nina darasa la wanaoanza pale uwanja wa shabaha, nami nitaijaribu siku hiyo hiyo, wamwone mwalimu wao akiwa kazini.

Msalimie dada yangu. Mwambie bado nakumbuka kuwa ananishinda kulenga, na bado naamini alikuwa anasogea mbele hatua mbili Baba alipogeuka.

Wako,
Verlin


Mto Sallow, Alaska
Jumanne, 12 Machi 1996

Verlin,

Rubani anakunywa kahawa jikoni kwetu, kwa hiyo hii ni barua ya kikombe kimoja. Akiongeza cha pili utapata ukurasa wa nyuma.

Barua yako na bastola yangu zimeshuka katika ndege moja. Namba 42. Nilisema "bastola yangu", na Nadine akaichukua mkononi mwangu kabla sijamaliza neno. Inamkaa kiganjani kama waliichonga kwa ajili yake. Sasa ni yake. Tarehe 13 Aprili anatimiza miaka hamsini, ni Jumamosi, na ameshasema hataki keki. Anataka risasi ya kwanza ya hiyo bastola iwe yake, pale nyuma ya shule, kwenye kilima cha theluji nilichokisukuma kutoka uwanja wa ndege. Nilimkumbusha kuwa dubu wakiamka, hicho kibastola kitakuwa sawa na kuwatupia matusi. Akasema hana ugomvi na dubu, anataka kupiga makopo.

Nitafanya kama wewe. Nitaining'iniza juu ya jiko la kuni, mtutu chini, na sufuria ya kuchuja chini yake. Sufuria ni ya zamani. Mimi nina akili kidogo kukuzidi.

Sasa jambo moja la maana, nami nakuomba ulijibu vizuri. Katika karatasi iliyokuja na bastola wanasema kuna pini ndani, ile inayogonga kitako cha risasi, nayo itolewe na tundu lake lisafishwe. Macho yangu, Verlin, yameharibika kuliko nilivyomwambia Nadine. Daktari wa mjini anasema ni utando, ataukata wakati wa kiangazi. Mpaka hapo kitu chochote kidogo kuliko msumari kwangu ni ukungu. Nikiifungua hiyo bastola nitapoteza vipande sakafuni, na itabidi nimwambie mke wangu kwa nini.

Je, ni lazima kuitoa pini? Wewe uliitoa? Wewe ndiye mwalimu wa usalama kwa miaka kumi na tisa. Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Simu ya dukani bado imelala tangu barafu iangushe mlingoti mwezi wa pili, kwa hiyo andika. Ndege ni Jumanne kwa Jumanne, hali ya hewa ikipenda.

Amekataa kikombe cha pili.

Orrin


Barabara ya Hemlock, Pennsylvania
Jumapili, 31 Machi 1996

Mpendwa Orrin,

Nimepokea barua yako ya tarehe 12 na nimefurahi kusikia kuwa ninyi nyote ni wazima.

Jana niliijaribu bastola katika uwanja wa shabaha. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Bastola ilifanya kazi kwa namna ya kuridhisha. Inashikika vizuri, na mrudisho wake baada ya kufyatua si mkubwa. Wanafunzi walikuwa sita na walijifunza mengi.

Kuhusu swali lako: hapana, sikuitoa pini, na sioni sababu ya wewe kuitoa. Joto linatosha kabisa. Ukiona grisi imeacha kudondoka, basi kazi imekwisha. Jambo la muhimu ni umakini wa mpigaji na mahali anapoweka kidole chake.

Namtakia Nadine heri ya siku yake ya kuzaliwa. Lorna anawasalimu.

Wako mwaminifu,
Verlin Stambaugh


Barabara ya Hemlock, Pennsylvania
Jumapili ya Pasaka, 7 Aprili 1996

Orrin,

Usiipige hiyo bastola. Nadine asiipige. Msiiweke hata risasi moja. Soma mstari huu mara mbili halafu ndipo uendelee.

Nilikudanganya. Jumamosi ile nilipoikoki, bastola ilijifyatua yenyewe, na si mara moja tu. Hakuna aliyeumia. Nilidhani ni kidole changu, nikaona aibu, nikakuandikia ile barua. Mengine nitakueleza baadaye, sasa sina muda wa kujitetea.

Leo Lorna aliwasha oveni aoke nyama. Ameisugua mara tatu, unamjua anavyosugua, na bado ilipopata moto harufu ile ikarudi, kidogo, kutoka pembeni kule ambako mkono haufiki. Akaizima. Akakaa kwenye kiti cha jikoni na glavu zake za oveni mikononi, akasema, "Kama imebaki kwenye oveni niliyoisafisha mimi, Verlin, kwenye hicho chuma ulichokisafisha wewe imebaki kiasi gani?"

Nikaenda kuifungua. Kuitoa hiyo pini si kazi ya dakika moja? Yangu haikutoka. Ilibidi niichemshe. Joto la oveni liliyeyusha grisi ya nje, ndiyo, lakini ile ya ndani iliteremka kufuata pini hadi mbele, kwa kuwa mimi mwenye akili niliisimamisha mdomo chini. Ikapoa. Ikaishika pini hapo ikiwa imechomoza, kama nta inavyoushika utambi. Kila risasi iliyoingia iligongwa hata kabla ya mtu kugusa kifyatulio.

Yako imening'inia vivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekufundisha.

Posta imefungwa leo, hii itaondoka kesho asubuhi. Nimepiga simu dukani kwenu, imekufa. Lorna amepata namba ya kituo cha redio cha huko mtoni, kile kinachosoma salamu za watu wasio na simu, na wamekubali kuusoma ujumbe wetu kila siku mchana mpaka tuseme basi. Kama redio yenu inafanya kazi, mmeshasikia. Naomba iwe inafanya kazi.

Verlin


Mto Sallow, Alaska
Jumanne, 9 Aprili 1996

Verlin,

Kikombe kimoja, na rubani ana haraka kwa sababu ya mawingu.

Asante kwa jibu lako. Umeniondolea mzigo. Bastola imeacha kudondosha tangu wiki iliyopita, nimeipangusa kwa kitambaa, ni safi na kavu. Pini naiacha ilipo, kama ulivyosema. Makopo nimeshayapanga, mahindi matatu na maharage mawili. Jumamosi saa tano asubuhi dada yako atatimiza hamsini kwa kelele.

Redio yetu imekufa, betri hazina nguvu hata ya kukoroma. Nilimwagiza rubani, akasahau, ataleta Jumanne ijayo. Kwa hiyo kama kuna vita imeanza huko kwenu, tujulishe kwa barua.

Nadine ameisoma barua yako mara tatu. Sasa anaisoma ya nne. Nimemuuliza kuna nini humo, maana mimi nilisomewa na sikuona kitu, anasema hakuna kitu, na ndilo analolitazama. Unamwelewa? Mimi nimemwoa miaka ishirini na sita na bado.

Anaondoka.

Orrin


Barabara ya Hemlock, Pennsylvania
Jumatano, 17 Aprili 1996

Orrin,

Barua yako ya tarehe 9 imefika leo. Nimejua sasa kuwa redio haikuwa na betri, na kwamba barua yangu ya Pasaka ilikuwa ikija kwenu na ndege ya jana. Jumamosi ilikuwa siku nne zilizopita.

Lorna anapiga simu dukani kwenu kila baada ya saa moja. Hakuna mlio wowote. Kituo cha redio wanasema wamesoma ujumbe kila siku, na wanamwita Lorna kwa jina sasa.

Jana nilikwenda kazini, nikalala chini ya basi la shule kubadili mafuta, nikasahau kuweka beseni. Yalinimwagikia yote. Wenzangu walicheka, nami nikabaki pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Niandikie neno moja. Hata tusi. Tusi litakuwa zuri sana.

Verlin


Mto Sallow, Alaska
Jumapili, 14 Aprili 1996

Kaka Verlin,

Nina vidole kumi. Nimevihesabu mara mbili, kwa sababu najua utauliza. Orrin naye ana kumi, na macho mawili, mabovu yote mawili, jambo alilonificha kwa miezi minane na ambalo nilikuwa nalijua kwa miezi saba. Sote tu wazima. Kunywa maji, kaa chini, halafu soma.

Mimi ni mwalimu. Nimesahihisha insha za watu kwa miaka ishirini na minne, na najua mtu anavyoandika akiwa amevunja dirisha. Barua yako ya tarehe 31 ilipofika, nilimsomea Orrin kwa sauti, na nilipomaliza akasema, "Vizuri, basi imepona." Mimi nikaikunjua tena. Kaka, uliandika kwamba bastola ilifanya kazi kwa namna ya kuridhisha. Katika maisha yako hujawahi kufanya jambo la kuridhisha bila kutuambia suruali ilichanika wapi. Ukiongea kanisani unaanza na jinsi ulivyojikwaa ngazini. Ulipotuandikia kuhusu harusi yako, aya mbili zilikuwa juu ya kiatu. Na hapa ukurasa mzima, darasa zima, wanafunzi sita, na hukujicheka hata mara moja. Ukatia sahihi jina la ukoo. Kwetu sisi.

Uliniandikia barua kama hiyo mara moja tu kabla. Una miaka kumi na moja, uko kambini, "mambo yote ni mazuri, chakula kinatosha." Ulikuwa umevunjika mkono, nao waligundua baada ya siku tatu.

Kwa hiyo Jumatano, Orrin alipokwenda kuwasha jenereta, nilitandika gazeti mezani na kuifungua hiyo bastola. Alinikuta. Akasema tusiiguse, Verlin amesema pini ibaki, na Verlin ndiye mwalimu. Nikamwambia, "Ndiyo maana naogopa." Ndipo akaniambia kuhusu macho. Alisimama na kofia yake mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Tuliongea kidogo hapo, na hayo si yako.

Pini ilikuwa imeganda mbele, imetoa ncha. Niliiloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, na Alhamisi nikaisukuma na sindano ya kufumia. Kizibo cha grisi kilitoka kizima, kigumu, kama peremende iliyonyonywa nusu. Nikakiweka kiganjani mwa Orrin. Hakukiona vizuri, akakipapasa. Kisha akauliza mimi ningekuwa nimesimama wapi Jumamosi, na yeye angekuwa amesimama wapi. Nikamwonyesha kwa vikombe mezani. Kikombe chake alikuwa anakitaka karibu na changu, ili aone.

Mchana wa Alhamisi hiyo hiyo jirani wa ng'ambo akavuka barafu kwa miguu, anahema, kutuletea habari za redio. Tulimpa chai na kumwonyesha kizibo. Kwa hiyo ujumbe ulifika, kaka, ila ulikuta kazi imekwisha. Umefika pia katika kila nyumba ya mto huu. Walikuwa wamekusoma siku tatu mfululizo kabla hajaja: "Kwa Orrin na Nadine, msipige bastola, pini imekwama, nimedanganya, Verlin." Hukulazimika kuweka hilo la kudanganya. Nashukuru uliliweka.

Jana tulipiga. Niliweka risasi moja tu, kama Baba alivyotufundisha kwa chuma usichokijua, nikakoki nikielekeza kwenye theluji, na hakuna kilichotokea. Sijawahi kufurahia kutotokea kwa kitu namna hiyo. Halafu nikapiga kopo la mahindi. Halafu mengine manne. Sikusogea mbele hata hatua moja.

Sasa nataka ukweli. Wote, pamoja na suruali.

Dada yako,
Nadine

Jumanne, 16. Barua yako ya Pasaka imeshuka sasa hivi. Orrin ameniomba nimsomee akiwa amekaa. Amesema nikuandikie neno "mjinga", na nikuandikie pia kuwa kahawa ipo siku utakayokuja. Betri zimefika.


Barabara ya Hemlock, Pennsylvania
Jumamosi, 27 Aprili 1996

Nadine, na Orrin utakayesomewa,

Barua yako ilifika Jumatano. Niliifungua nikiwa nimesimama kwenye kisanduku cha posta barabarani, nikasoma sentensi ya kwanza, nikaketi juu ya ukingo wa mtaro. Lorna alinikimbilia kutoka ndani akidhani kuna msiba. Nikamwonyesha vidole vyangu vyote kumi. Alielewa. Naye akaketi mtaroni, na sketi yake ya kanisani. Jirani alipita na gari lake, akapunguza mwendo, akaamua asiulize.

Umetaka ukweli. Huu hapa.

Tarehe 30 Machi nilikuwa na wanafunzi sita, watu wazima wote, na madaftari. Ukutani pale bandani kuna ubao nilioupaka rangi mimi mwenyewe mwaka ule nilipoanza: KIDOLE NJE HADI UWE TAYARI. Lorna alikuja na chupa ya kahawa kwa sababu, alisema, ana haki ya kukiona kilichoiharibu oveni yake. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi dakika tano kabla kwamba bastola ya zamani usiyoijua huwekwa risasi moja tu mara ya kwanza. Kisha nikaweka nane. Nilitaka waone inavyopendeza, Nadine. Hakuna sababu nyingine.

Nikakoki. Zikatoka tatu kwa mfululizo, upesi kama mtu anavyopiga chafya. Ya kwanza iliingia kwenye tuta la udongo, mahali pake. Ya pili ilikata mguu wa ubao wa shabaha. Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka, kwa hiyo ya tatu ilipita kwenye bati la paa. Ya nne ilikwama, na ndiyo iliyotuokoa. Lorna alikuwa kushoto kwangu, hatua mbili nyuma. Ganda moja la risasi lilimwangukia ndani ya kikombe cha kahawa. Lilitoa mvuke.

Kisha mama mmoja, karani mstaafu wa benki, akainua mkono kama yuko darasani kwako na kuniuliza, "Mwalimu, hivyo ndivyo inavyofanywa?"

Nami nikamjibu, "Hapana. Nimewaonyesha makusudi jinsi isivyofanywa."

Wakaandika. Wote sita, wakainamia madaftari yao na kuandika. Katika yote ya siku ile hilo ndilo linaloniamsha.

Niliamini ni kidole changu. Miaka kumi na tisa nikiwafokea watu kuhusu vidole, na kimoja changu kimefanya hivyo mbele ya mke wangu. Garini, tulipofika darajani, Lorna akauliza ilikuwa karibu kiasi gani. Nikasema haikuwa karibu. Juma zima nilikuwa nakitazama kidole hiki wakati wa kula, kama mbwa aliyeng'ata mtu na sasa amelala miguuni pako. Nilipokaa kukuandikieni, nilijaribu kuanza na mzaha, na kila mzaha ulikuwa unaelekea kule kwenye paa. Nikauacha. Nilijibu swali la Orrin kuhusu pini bila hata kufikiri pini ni nini, kwa kuwa akili yangu yote ilikuwa kwenye kidole. Hivyo ndivyo ningemuua dada yangu.

Siku ya Pasaka, pini ilipokataa kutoka, kwa sekunde moja nilifurahi. Lazima niliandike hilo pia. Nilifurahi kwamba haikuwa kidole changu. Kisha nikawakumbuka ninyi.

Leo asubuhi nimesimama mbele ya klabu yote. Niliomba wale sita waje, na wamekuja watano. Nikawapitishia kizibo changu cha grisi ndani ya kiberiti, nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Nikamwomba radhi yule karani wa benki. Akafungua daftari lake, akatafuta ule ukurasa, akaukata mstari mmoja kwa rula, taratibu, kisha akaandika mwingine na hakunionyesha. Klabu imeamua nisifundishe kwa miezi mitatu. Nilipiga kura kuunga mkono. Mmoja akapendekeza tundu la paa lizibwe, nikaomba libaki. Mvua ikinyesha linadondoshea mahali pale pale mwalimu anaposimama.

Oveni imefunguliwa tena. Nyama iliokwa juzi, haikunuka kitu, na Lorna aliitazama kupitia kioo muda wote.

Halafu, leo pale klabuni, walipokwisha kuondoka wote isipokuwa Lorna, niliichukua bastola. Pini imetoka, imesafishwa, imerudi, ukiitikisa inasikika ikicheza ndani kama inavyotakiwa. Risasi moja. Lorna akasimama nyuma yangu kabisa, na kikombe amekifunika kwa kiganja. Nikaelekeza kwenye tuta, nikakoki. Kimya. Nikasubiri. Kimya bado. Ndipo nikainua, nikalenga karatasi kwa hatua saba, umbali ambao mtu angeweza kuitemea mate, nikavuta pumzi kama Baba alivyosema, nikafyatua.

Nilikosa. Si katikati, Nadine. Nilikosa karatasi yote. Lorna alikwenda akaitazama mbele na nyuma, akarudi akicheka kiasi cha kuhitaji ukuta wa kuegemea. Na nilipoinama kuokota ganda, suruali ilichanika.

Hilo unaweza kuliamini.

Kaka yako,
Verlin